Mgeni akomee wapi pangoni? Jibu kwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji mkoani Tanga. Ndani ya msitu wetu wa hifadhi kuna pango la mawe ya chokaa ambalo wazee hulitumia kwa matambiko, na lina popo wengi. Tangu mwaka jana vijana wa bodaboda wamekuwa wakileta wageni bila utaratibu. Sasa tunakuta majina yamechorwa ukutani, nta ya mishumaa sakafuni na chupa za maji mpaka ndani kabisa. Wajumbe wamegawanyika: baadhi wanataka tuweke geti na kulifunga moja kwa moja, wengine wanataka tulifungue rasmi na kutoza kiingilio. Mdau mmoja ametuambia kwamba watu 50 kwa siku hawawezi kuleta madhara. Je, ni kweli? Na je, tukubali pango lionyeshwe kwenye ramani za simu?

Jibu: Ndugu Katibu, wajumbe wa pande zote mbili wana hoja, ila wote wanalizungumzia pango kana kwamba ni chumba kimoja chenye mlango mmoja, ambacho ama kimefungwa ama kiko wazi. Pango haliko hivyo. Mdomoni kuna mwanga, upepo, majani yanayooza na buibui. Hatua chache mbele kuna nusu giza, na baada ya kona ya kwanza au ya pili giza linakuwa giza kweli, hewa inatulia, na joto halitofautiani sana mchana na usiku, kiangazi na masika. Kila sehemu ina uvumilivu wake. Kwa hiyo, kabla ya kuulizana waingie watu wangapi, amueni kwanza mgeni akomee wapi, kwa sababu idadi ambayo mdomo wa pango unaivumilia bila shida inaweza kukiharibu chumba cha ndani katika msimu mmoja.

Mfano mnao karibu. Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, yanahesabiwa kuwa kumi, lakini wageni huongozwa katika pango moja tu. Simulizi za watu wa huko zinasema njia zake zinatokea Mombasa, nyingine zinasema Kilimanjaro. Upimaji wa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mgeni hulipa kiingilio, husikia simulizi, huona miamba na hutoka ameridhika bila kuyafikia mengine tisa. Kijiji chenu hakina mapango kumi, lakini pango lenu moja linaweza kugawanywa kwa kanuni hiyo hiyo: sehemu ya wageni, sehemu ya watafiti wenye kibali, na sehemu isiyoingiwa na mtu yeyote mpaka kuwe na sababu nzito.

Nasisitiza hilo kwa sababu pango halijiponyi kama msitu. Mkikata mti kimakosa mnaweza kupanda mwingine, na wajukuu wakaukuta umekua. Stalaktiti, yaani jiwe la chokaa linaloning'inia darini, huongezeka kwa kiasi kidogo mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, hivyo kipande cha urefu wa kidole alichokivunja kijana mmoja ili akionyeshe nyumbani kinaweza kuwa kazi ya karne nyingi. Hata kushika tu kunatosha: mafuta ya kiganja hubaki juu ya jiwe, maji yenye madini hayashiki tena vizuri, na mahali pale hugeuka peusi.

Kuhusu hao watu 50, jibu fupi ni kwamba hakuna anayeweza kuitaja namba hiyo bila kulipima pango lenyewe. Pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye michoro ya wanyama ya miaka 17,000 hivi, liligunduliwa mwaka 1940 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1948. Wageni walifika takribani 1,200 kwa siku, na hakuna aliyewazuia kwa sababu hakuna aliyekuwa akivunja kitu. Walikuwa wakipumua tu. Hewa tunayoitoa mapafuni ina hewa ya ukaa mara mia hivi ya ile iliyo nje, na ina unyevu. Unyevu huo ukigandia kwenye ukuta wa chokaa pamoja na hewa ya ukaa huwa tindikali dhaifu inayolila jiwe polepole. Mwani wa kijani ukaota, ukungu mweupe wa chokaa ukaanza kuifunika michoro, na mwaka 1963 serikali ikalifunga. Miaka 15 ilitosha kuviharibu vitu vilivyokaa salama kwa miaka 17,000, na hadi leo umma huonyeshwa nakala iliyojengwa kando.

Pango lenu huenda halina michoro, lakini kanuni za joto na pumzi ni zile zile. Mtu anayetembea hutoa joto linalozidi la balbu ya zamani ya wati 100, kwa hiyo kundi la watu 30 likisimama chumbani kumsikiliza mwongozaji ni kama mmewasha humo pasi mbili au tatu za umeme. Katika ukumbi wa mbele ambamo upepo unapita, joto hilo huondoka haraka. Katika chumba cha ndani chenye mdomo mwembamba hubaki, na kundi la pili likiingia kabla halijapungua, la pili hujenga juu ya la kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba msianze na namba, anzeni na mwaka mmoja wa kutazama, ili mpitie masika na vuli zote mbili. Nunueni vipimajoto viwili vinavyopima pia unyevunyevu, kimoja kikae ukumbi wa mbele na kingine ndani, na mtu yule yule avisome kwa siku zilizopangwa. Chagueni sehemu kumi za kupiga picha kila mwezi kutoka mahali pale pale, kwa pembe ile ile. Mtashangaa jinsi picha za Januari na za Juni zinavyoeleza yale ambayo macho ya kila siku hayayaoni. Jioni, watu wawili wakae pande mbili za mdomo wa pango wahesabu popo wanaotoka, bila kuwamulika. Hesabu haitakuwa kamili, lakini ikifanywa kwa njia ile ile kila mwezi itawaonyesha kama kundi linaongezeka, linapungua, au limehama. Katika mwaka huo ruhusuni ukumbi wa mbele tu, kundi moja kwa wakati, watu wasiozidi wanane na waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa dakika 30 hivi. Kipimajoto ndicho kiamue kundi linalofuata liingie lini: kikirudi kilipokuwa, wapite. Kwa utaratibu huo idadi ya wageni kwa siku itajipanga yenyewe, na sitashangaa ikiwa chini sana ya 50.

Sasa popo. Hapa ndipo ninapowaomba mwende taratibu kuliko penginepo pote, kwa faida yao na kwa usalama wenu. Jambo la kwanza ni kujua ni popo gani. Popo wala wadudu huwa wadogo, na kinyesi chao ni punje kavu zinazovunjika vidoleni na kumetameta kwa mabaki ya mabawa ya wadudu. Popo wala matunda huwa wakubwa, wenye macho makubwa na uso unaofanana na wa mbwa, na kinyesi chao ni laini, kinanata, kina mbegu. Andikieni Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania au chuo kikuu chenye idara ya wanyamapori, mwombe mtaalamu aje awatambue, na msimruhusu kijana yeyote awakamate kwa mikono ili kuharakisha kazi.

Tofauti hii ni nzito kwa sababu popo-matunda wa Misri, anayelala mapangoni katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ndiye anayejulikana kuhifadhi virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuua. Katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, kuna pango la chatu ambalo watalii walikuwa wakiliingia kuwatazama popo kwa maelfu na chatu wanaowala. Mtalii Mmarekani aliugua baada ya kulitembelea mwishoni mwa mwaka 2007 akapona. Mwaka uliofuata Mholanzi akafariki. Pango likafungwa kwa umma. Baadaye kilijengwa kibanda cha kutazamia kwa mbali, na wageni huliona kundi zima la popo bila kuingia. Mwaka 2024 Rwanda ilipata wagonjwa 66 na vifo 15, na uchunguzi ukaelekea kwenye mgodi wenye popo wa aina hiyo. Mkoa wetu wa Kagera nao umeupata ugonjwa huo, mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Simaanishi kwamba popo wenu wana virusi. Namaanisha kwamba wakithibitika kuwa ni popo-matunda wa Misri, chumba wanachokaa kisiingiwe na mgeni kabisa, na utalii wenu uwe wa jioni, nje, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi upande ambao upepo hautokei pangoni. Kwa kweli mimi nayaona matembezi hayo kuwa mazuri kuliko ya ndani: popo elfu kadhaa wakitoka kwa dakika 20 huku mbingu ikiwa bado na wekundu ni kitu ambacho mgeni hatakisahau, nanyi hamtakuwa mmetumia hata jiwe moja la pango.

Hata popo wakiwa ni wala wadudu, rundo la kinyesi kikavu lina vumbi, na vumbi hilo linaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Barakoa husaidia, lakini kwa joto la pango letu la pwani mgeni huishusha kidevuni baada ya dakika tano. Ni afadhali kuipitisha njia mbali na rundo.

Nina hakika kwamba mara tu habari za ugonjwa zitakapotajwa mkutanoni, atatokea mjumbe atakayesema popo wafukuzwe au wauawe kwa moshi. Mweleze yaliyotokea kwenye mgodi wa Kitaka, Uganda. Wachimbaji waliambukizwa mwaka 2007, popo wakaangamizwa, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Popo wapya walihamia, na walipopimwa mwaka 2012 sehemu ya walioambukizwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya awali, kutoka asilimia 5 hivi hadi 13, huku eneo hilo likikumbwa na mlipuko mwingine. Mwelezeni pia kwamba ua la mbuyu hufunguka jioni na kuchavushwa na popo wala matunda, na kwamba msufi nao unawategemea. Anayeuza ubuyu ana deni kwa popo.

Geti ndilo jambo ambalo watu hulikimbilia, na ndilo ninaloliogopa zaidi. Niliwahi kuitwa kwenye pango moja la pwani ambako wahusika, kwa nia njema kabisa, walimpa fundi wa kuchomelea kazi ya kuziba mdomo kwa nondo za kusimama na wavu wa kuku. Geti lilipendeza. Nilipofika, popo wote walikuwa wamekwisha kuhama, na wavu ulikuwa umekatwa kwa koleo upande wa chini na watu wale wale waliokusudiwa kuzuiwa. Geti linalofaa popo huwa na vyuma vya kulala, si vya kusimama. Huko Marekani nafasi kati ya chuma na chuma huwa sentimita 14.6, lakini kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya popo wadogo wala wadudu, ilhali popo-matunda wa Misri akikunjua mabawa hufikia sentimita 60 hivi. Kwa kundi kubwa linalotoka kwa pamoja, hata geti zuri linaweza kuwa kizuizi. Kama ni lazima mzuie, jengeni ua wa chini ulio wazi juu, mita kadhaa kutoka mdomoni, na mlango wake ufungukie nje na uweze kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo, ili mtu asije akafungiwa. Geti la vyuma vya kulala liwekeni tu kwenye njia ya chumba cha ndani ambacho popo hawakipiti, na lisizibe upepo. Mlinzi anayelipwa na anayejulikana kijijini ana thamani kuliko chuma chochote.

Ndani ya ukumbi wa mbele, chagueni njia moja na kukubali kwamba itachakaa. Huu ni uamuzi mgumu kwa wapenda uhifadhi, lakini tope lililokanyagwa kwenye upana wa mita moja ni hasara ndogo kuliko tope lililokanyagwa ukumbi mzima. Itieni alama kwa kamba ya chini pande zote mbili, na ipite mbali na madimbwi. Msifunge taa za umeme. Mahali taa inapokaa muda mrefu huota mwani na vimea vya kijani ambavyo havikupaswa kuwapo gizani. Kila mgeni avae kofia ngumu yenye tochi. Mishumaa, mienge na sigara visiingie kabisa. Majina yaliyokwisha kuchorwa msiyasugue kwa brashi ya waya wala tindikali. Yapigeni picha, muacheni mtaalamu wa mambo ya kale ayaone kwanza, kwani si ajabu chini ya maandishi ya mwaka jana kukawa na alama za kale. Msichimbe sakafu pia. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti walikuta kaburi la mtoto mdogo la miaka 78,000 iliyopita, na walichokiona juu kabla ya kuchimba kilikuwa udongo kama wenu. Kwa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimbua mabaki ya namna hiyo bila kibali.

Nimewaacha wazee mpaka hapa, si kwa sababu ni wa mwisho. Wao wamekuwa wakilitumia pango kabla ya kamati kuwapo, na kwa kadiri barua yako inavyoonyesha, hawakuacha chupa wala majina. Mkiandika kanuni bila wao, mtakuwa mmewageuza wenye mahali kuwa wageni. Waulizeni wao kwanza chumba gani hakiingiwi, na mara nyingi mtakuta miiko yao inalingana na yale ambayo mtaalamu angependekeza. Siku za tambiko wageni wasiwepo kabisa, na tambiko lisiuzwe kama onyesho. Kwa upande wa Kenya, kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, zinatoa fundisho zuri: anayeingia Kaya Kinondo huko Kwale hufungwa kaniki na kufuata masharti ya wazee, na sijamsikia mgeni aliyelalamika kwamba masharti yamempunguzia starehe. Suala la ubani na moto mlizungumze kwa adabu. Pendekezo langu ni kwamba vibaki mdomoni, penye upepo.

Fedha zina sumu moja ambayo lazima niitaje. Mwongozaji akilipwa kwa kila kichwa, ataingiza mtu wa tisa, kisha wa kumi, na hakuna kanuni itakayomzuia. Mlipeni kwa siku, apate kiasi kile kile awe na wageni wanne au wanane. Vijana wa bodaboda msiwafukuze. Wanajua njia na wana njaa ya kazi. Wachache wafundisheni uongozaji, wengine wabaki wasafirishaji wanaowaleta wageni ofisini kwanza, si pangoni. Viwango, saa, faini na mgawanyo wa mapato yaandikwe kuwa sheria ndogo, zipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji na kupelekwa halmashauri ya wilaya ziidhinishwe, vinginevyo faini ya kwanza mtakayotoza itapingwa.

Mvua isimamiwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema "leo hapana". Huko Thailand, mwaka 2018, vijana 12 na kocha wao walikwama siku nyingi katika pango la Tham Luang. Bango la mlangoni lilikuwa likikataza kuingia kuanzia Julai hadi Novemba; wao waliingia tarehe 23 Juni. Mvua haisomi bango, kwa hiyo mlinzi aangalie wingu na mkondo wa maji siku ile ile, na daftari la mdomoni lionyeshe nani ameingia, saa ngapi, na kama ametoka.

Kuhusu ramani za simu, kwa sasa msiliweke pango. Wekeni ofisi ya kijiji, kwa jina la matembezi yenu ya jioni, ili anayefuata ramani afike kwenu kabla ya kufika msituni. Kama kuna aliyekwisha kuliweka, ombeni alama ihamishiwe ofisini, na waongozaji wawaombe wageni wazime huduma ya mahali kwenye kamera zao kabla ya kupiga picha. Vijia vya mkato vinavyotoka barabarani hadi pangoni vizibeni kwa miiba na miche mwezi huu, kabla ya masika, maana baada ya mvua vitaota vyenyewe na hakuna atakayevikumbuka.